Tathmini ya WordNet kwa kipimo cha neno ‘run’

Kamusi yoyote ya visawe hufanya vizuri kwenye maneno adimu, ambayo kwa kawaida yana maana moja au mbili. Kipimo chake cha kweli ni yale maneno mafupi ya kila siku ambayo Kiingereza kimeyabebesha mzigo mkubwa. Kwa sababu hiyo nimeitathmini WordNet, hifadhidata ya maneno ya Kiingereza inayotolewa bila malipo na Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, kwa kutumia neno moja tu, ‘run’. Wahariri wa Oxford English Dictionary walipolipitia upya neno hilo kwa ajili ya toleo la tatu, kazi iliyomchukua mhariri Peter Gilliver takriban miezi 9, walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Chombo kitakachomwongoza mtumiaji vizuri katika neno la namna hiyo kitamfaa pia katika maneno mepesi.

WordNet ilianzishwa katikati ya miaka ya 1980 chini ya uongozi wa George Miller, mwanasaikolojia aliyetaka kuonyesha jinsi maneno yanavyopangika akilini mwa binadamu, wala hakukusudia kuwatengenezea waandishi kamusi. Chimbuko hilo linaonekana katika muundo wake. Kamusi nyingi za visawe huanza na neno, kisha humwaga chini yake maneno yote yanayokaribiana nalo, ilhali WordNet huanza na maana, na kila maana huwa na kundi lake la visawe, fafanuzi fupi na, mara nyingi, sentensi ya mfano. Toleo la 3.0, la mwaka 2006, lina maneno na mafungu ya maneno zaidi ya 155,000 yaliyopangwa katika makundi yanayozidi 117,000. Yaliyomo ni nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi tu. Viwakilishi, viunganishi na vihusishi vimeachwa nje kwa makusudi.

Ukitafuta ‘run’, unapata maana 16 za nomino na 41 za kitenzi, na hapo ndipo ubora wa mpangilio huu unapodhihirika. Kundi la kwanza la kitenzi ni la kwenda mbio kwa miguu, na fafanuzi yake imeandikwa kwa uangalifu wa kupendeza, kwani inabainisha kwamba kila wakati mguu mmoja unakuwa umeinuka kutoka ardhini, jambo linalotenganisha kukimbia na kutembea haraka. Kundi la pili ni la kutoroka, na ndani yake limo ‘escape’. Mbele kidogo kuna kundi la kuendesha shughuli au biashara, lenye ‘operate’. La maji kutiririka, lenye ‘flow’ na ‘course’. La mashine kufanya kazi, lenye ‘function’ na ‘work’. Na la kugombea wadhifa, lenye ‘campaign’. Msomaji anaona waziwazi kwamba ‘flow’ ni kisawe cha ‘run’ pale tu panapozungumziwa maji au kitu kinachotiririka kama maji, na kwamba hakuna namna neno hilo linavyoweza kusogezwa hadi kwenye maana ya kugombea uchaguzi. Naliona jambo hili kuwa fadhila kuu ya WordNet, na ninalisisitiza kwa sababu makosa mengi ninayoyaona katika maandishi ya watu waliojifunza Kiingereza ukubwani hutokana na orodha za visawe zisizotenganisha maana: mtu huchukua neno la tatu katika orodha akiamini kwamba yote ni mamoja.

Fadhila ya pili ni viungo kati ya makundi. Kutoka kwenye kundi la kwenda mbio unaweza kupanda hadi neno pana zaidi, ambalo ni kusafiri kwa kasi, au kushuka hadi maneno finyu yanayotaja namna mahususi za kukimbia: ‘jog’ kwa mbio za polepole, ‘sprint’ kwa mbio fupi za nguvu zote, ‘lope’ kwa mbio za hatua ndefu na nyepesi. Kwa mwandishi, maneno haya finyu mara nyingi yana thamani kuliko visawe vyenyewe, kwa kuwa anayetafuta mbadala wa ‘run’ aghalabu anatafuta neno linalosema zaidi ya ‘run’.

Upande wa nomino, hata hivyo, unamshtua mtu mara moja. Maana ya kwanza kuorodheshwa ni alama inayopatikana katika mchezo wa besiboli baada ya mchezaji kuzunguka vituo vyote vinne, huku tendo lenyewe la kukimbia likija baadaye sana, baada ya jaribio, shindano la mbio, mfululizo wa matukio, mchezo wa futiboli ya Kimarekani na safari ya kawaida. Sababu inaeleweka. WordNet hupanga maana kwa kufuata marudio yake katika matini ambazo wataalamu wamezitia alama za maana, na sehemu kubwa ya matini hizo ilitoka kwenye mkusanyo wa Brown, ambao ni matini za Kiingereza cha Marekani zilizochapishwa mwaka 1961, zikiwemo habari za michezo za magazetini. Kwa hiyo mpangilio huo ni picha ya nchi moja na ya wakati mmoja, nao mtumiaji anayeamini kwamba maana ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi duniani kote atapotoshwa. Hata sentensi za mfano zina harufu ya nyumbani kwao: maana ya kufika au kuenea inaonyeshwa kwa huduma inayofika hadi Cranbury, mji mdogo ulio jirani na Princeton.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni ukosefu wa alama za mtindo wa lugha. Katika kundi la kutoroka, ‘escape’, ambalo linafaa katika ripoti ya mahakama, limewekwa bega kwa bega na ‘scarper’, ambalo ni la mitaani Uingereza, na ‘hightail it’ pamoja na ‘lam’, ambayo ni ya mitaani Marekani. Orodha haitoi onyo lolote. Mzawa wa lugha hiyo atatambua tofauti kwa sikio lake, lakini mwanafunzi hana sikio hilo, naye ndiye anayehitaji kamusi kuliko mzawa. Kwenye maana ya kugombea, fafanuzi inalitaja ‘stand’, neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mgombea, lakini neno lenyewe halimo katika kundi la visawe.

Mgawanyo wa maana nao umepitiliza mahali fulani. Kifaa kufanya kazi inavyotarajiwa, injini kuwa imewashwa, na kompyuta kutekeleza programu ni maana tatu tofauti, na ingawa tofauti hizo zinaweza kutetewa, mwandishi wa kawaida hana haja nazo. Watafiti wenyewe wa uchakataji wa lugha kwa kompyuta walilalamikia jambo hili, na katika mradi wa OntoNotes, wa kutia matini alama za maana, maana za WordNet ziliunganishwa hadi waliotia alama hizo wakaweza kukubaliana kwa kiwango cha asilimia 90. Inashangaza basi kwamba, pamoja na uchambuzi wote huo, katika zile maana 16 za nomino sikuiona ile ya wateja kumiminika benki kutoa fedha zao kwa hofu, wala ile ya alama katika kriketi, mchezo unaofuatwa na watu wengi mno duniani.

Kwa upande wa matumizi sina malalamiko makubwa. Hifadhidata nzima inaweza kupakuliwa na kutumiwa bila intaneti, na leseni yake inaruhusu kuingizwa katika programu nyingine. Ndiyo maana wanaojifunza uchakataji wa lugha kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huikuta ndani ya NLTK, maktaba ya zana za kazi hiyo. Haina matamshi wala asili za maneno, na haijawahi kudai kuwa nazo.

Ninaipendekeza kwa mfasiri, mhariri na mwalimu ambaye tayari anakijua Kiingereza vizuri na anataka kuona maana za neno zikiwa zimetenganishwa. Kwa mwanafunzi wa ngazi ya kati ninaipendekeza kwa sharti kwamba kila kisawe atakachokichagua akihakiki kwanza katika kamusi ya wanafunzi inayoonyesha mtindo na mifano ya matumizi. Princeton haiendelezi tena toleo lake, kwa hiyo anayeanza leo atafute Open English WordNet, mradi huru uliorithi data hiyo na ambao tangu mwaka 2019 umekuwa ukitoa matoleo yenye masahihisho na maneno mapya.