Nimemaliza Outlander msimu wa kwanza: kesi ya uchawi Claire kajitafutia

Tamthilia hii nimeitazama kwenye simu, usiku baada ya zamu, na bando limekwenda kwelikweli maana sehemu ziko 16 na nyingi zinakaribia saa nzima. Naipa nyota nne. Ya tano nimemnyima Claire mwenyewe.

Kwa ambaye hajaiona: Claire Randall ni muuguzi Mwingereza aliyehudumia majeruhi wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945 yuko Uskoti na mumewe, anagusa jiwe la kale, anajikuta 1743. Mapenzi yapo, mapanga yapo, milima inapendeza. Ila mimi nimeirudia sehemu ya 11 mara tatu, ile ya kesi, kwa kuwa na mimi ni muuguzi na kila alipokosea nilikuwa namfokea kwenye kioo cha simu.

Tuanze na limbwata. Laoghaire, binti anayemtaka Jamie, kijana wa Kiskoti wa huko 1743, anakuja kuomba dawa ya mapenzi. Claire anampa kinyesi cha farasi kilichokauka na kusagwa, pamoja na maneno ya kunuizia. Nilicheka sana. Baadaye Jamie anamwoa Claire, Claire anafikia kumzaba Laoghaire kibao, na binti yuleyule anapanda kizimbani kusema alikwenda kwa huyu mama kutafuta dawa. Sasa utajiteteaje? Useme yalikuwa mavi?

La padri ndilo lililoniuma zaidi. Mtoto kala mmea wenye sumu, Padri Bain anamwombea akisema ni pepo, Claire anaingia na kubishana naye mbele ya familia nzima. Mtoto anapona, ndiyo. Lakini jamani, sisi wodini ndugu wakija na maombi tunawaachia waombe, dripu inaendelea kushuka. Claire alitaka mgonjwa apone na padri ashindwe, vyote siku moja. Siku ya kesi padri anajifanya amejuta, anamsifu kwa unyonge wa kutengeneza, na watu wanazidi kumchukia mshtakiwa. Yule mwigizaji anajua kazi.

Kwa yule mtoto wa kilimani simlaumu Claire. Wazazi walimwacha nje wakiamini vibwengo wamembadilisha na watamrudisha wa kwao. Geillis, shoga yake, alimwambia asiende. Nani kati yetu angesikia kichanga kinalia akapita? Alipofika kimeshakufa, akakibeba, na hilo nalo likageuka ushahidi. Lakini kile kikaratasi cha kumwita kwa Geillis, wakati Jamie amemkataza kwenda huko na mwenyewe yuko safarini! Hakuuliza hata nani kakituma. Kakimbilia mtegoni kwa miguu yake, yeye na Geillis wakakamatwa, wakatupwa kwenye shimo la mahabusu.

Lalamiko langu kwa waandishi: sheria ya uchawi ya Uskoti ya 1563 ilifutwa na bunge kwa sheria ya 1735, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Tangu hapo kosa lilikuwa kujifanya una uchawi, na adhabu yake kifungo, si moto. Kwa hiyo 1743 wamechelewa. Jina la Geillis Duncan lakini ni la kweli: mtumishi wa ndani wa mji wa Tranent aliyeteswa mwaka 1590 mpaka akataja wenzake, zikazuka kesi za uchawi za North Berwick, huko huko Uskoti. Nilipolijua hilo nilimtazama Geillis wa kwenye tamthilia kwa jicho jingine.

Wakili Ned Gowan anampa Claire njia moja ya kutoka: amkane Geillis. Anakataa. Wengi wataliita hili kosa lake kubwa, mimi nasema ndipo nilipompenda, kwa mara ya kwanza hakuwa anajaribu kumshinda mtu.

Halafu Geillis anakiri, anachana gauni na kuonyesha kovu mkononi juu, akipiga kelele kwamba ni alama ya shetani. Claire analijua kovu hilo kwa sababu na yeye analo. Ni chanjo ya ndui. Kumbe shoga naye katoka mbele, 1968! Nilisimamisha video, nikapapasa mkono wangu: langu la chanjo ya kifua kikuu liko palepale.

Anayetaka kuianza asubiri giza liingie. Lile shimo, mchana kwenye simu, huoni kitu.