Gundi ya Mandhari ya Reli ya Modeli: Imekaa Kabatini Wiki Tano, Tuifungue Tuone

Haya ndugu watazamaji, karibuni. Leo sijengi kitu, leo tunafungua chupa.

Mnaonifuatilia mnajua kuwa hapa nyumbani Chikongola, Mtwara, natengeneza modeli ya ile reli ya zamani ya Kusini, iliyojengwa wakati wa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ikafika Nachingwea, halafu ikang'olewa miaka ya 1960. Skeli yangu ni 1 kwa 87. Ardhi ni udongo mwekundu wa Nachingwea kwenyewe, nimeuchekecha kwa chujio la chai. Majani ya mikorosho ni unga wa mbao niliouchovya rangi. Na vyote hivyo vinashikwa na gundi tu, hakuna msumari hapo.

Mwaka jana nilikoroga lita mbili za gundi nyeupe ya seremala na maji ya kisima, nikijua nina akiba ya miezi. Kaskazi ilikuwa inavuma, mnajua joto letu na fukuto lake. Haukupita mwezi, gundi ikaanza kunuka kama maziwa yaliyochacha. Nikaona hasara kuitupa, nikaimwagilia hivyo hivyo. Mikorosho yote ya upande wa stesheni ikaota ukungu mweusi, nikabandua mpaka nikafika kwenye mbao. Kazi ya jioni nyingi sana ile, na iliniuma.

Kinachotokea ni hiki. Gundi nyeupe hutoka kiwandani ikiwa imetiwa dawa ya kuzuia vijidudu. Ukiweka kipimo kimoja cha gundi kwa vitatu vya maji, ile dawa imebaki robo ya nguvu yake, na hapo hapo maji ya kisima yamekuja na vijidudu vipya.

Sasa tazameni. Gundi ya kopo moja, nimeigawa mara tatu wiki tano zilizopita.

Chupa ya kwanza: maji ya kisima, chupa ya juisi iliyosuuzwa tu. Naifungua... mmesikia huo mpumuo? Ni gesi hiyo. Sogea na kamera hapa, ona utando wa rangi ya waridi kwenye shingo. Nikiichovya kijiti inateleza kama maji ya bamia. Hii ni ya kutupa, msiihurumie.

Ya pili: maji yaliyochemshwa yakapoa, chupa ya glasi iliyochemshwa, halafu kwenye gundi nikatia kijiko cha spiriti ya duka la dawa. Spiriti nilitia kidogo kidogo huku nakoroga, maana ukiimwaga kwa mkupuo gundi inaganda mabonge. Naifungua. Harufu ya spiriti kwa mbali, basi. Imejitenga kidogo, gundi imekaa chini, natikisa inarudi.

Ya tatu haikutiwa maji kabisa. Iko kama siku niliyoinunua.

Kwa hiyo mimi nakwambia nunua kopo dogo, liache zito, koroga ya kazi ya siku hiyo tu. Ya kupimiwa kutoka kwenye ndoo siinunui tena. Duka moja waliwahi kunipimia, nyumbani nikakuta tayari inavutika nyuzi nyuzi.

Na msihifadhi kwenye kopo la bati. Gundi hii ina uchachu kidogo, inakula bati. Oneni hapa kando ya reli, huu mchanga mweupe wa Shangani una doa la kahawia. Ni kutu hiyo, ilitoka kwenye kopo la maziwa ya unga.

Supagluu nayo ina adui mwingine. Hiyo hukauka kwa sababu ya unyevu wa hewani, na sisi wa pwani unyevu tunao wa kugawa. Mimi naisimamisha kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko wa kukaza, chini nimeweka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji. Ukiitoa, iache mezani mpaka baridi iishe kabisa ndipo uikate mdomo, la sivyo hewa yetu itatoa jasho ndani ya chupa na gundi itaanza kuganda. Hii hapa ina miezi saba; tone moja... limeshika behewa papo hapo.

Gundi ya fundi viatu haiozi, inakauka tu kwa kupoteza kimiminika chake. Futa mdomo wa kopo, kaza, weka mbali na jiko. Usiipake kwenye foma nyeupe, inaiyeyusha.

Hii ya pili nimeiandikia tarehe kwenye plasta, lakini siirudishi kabatini. Naimalizia sasa hivi kwenye tuta la daraja, kwa bomba la sindano, na jioni chupa inarudi kuchemshwa.