Mkono upi kwa Thorens TD 124? Minne mizanini

Thorens TD 124 ni mashine ya kupigia sahani za santuri, na mkono ni ule mrija unaobeba sindano juu ya sahani. Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kama sahani zako zote ni LP, zile za mizunguko 33 kwa dakika, funga Rega na mjadala umekwisha. Kama kabati lina 78, 45 na LP zimechanganyika, tafuta SME 3009 yenye kichwa kinachovuliwa, au Jelco. Mkono mrefu wa inchi 12 uache kwanza.

Makabati mengi ya Unguja ni ya namna ya pili. Sahani nzito za 78 za zama za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zimelala ubavuni mwa 45 za Mombasa na LP za Kihindi. Mfereji wa 78 ni mpana, unataka sindano yenye ncha ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 65 hadi 76. Ncha ya kawaida ya LP ni kama 18 tu. Ukiitia kwenye 78 inazama mpaka chini, inaburura vumbi la miaka na kulitoa spika kama mvua juu ya bati. Ya 78 nayo haiingii katika mfereji wa LP, inaukwangua kingo. Basi utabadilisha katriji, kile kidude cha kichwani kinachoshika sindano, mara kwa mara, na kwenye mkono usiovuliwa kichwa kila badiliko ni waya nne nyembamba za kuchomoa kwa kibano, kisha kupanga pembe upya. Mara ya tatu au ya nne waya mmoja unakatika shingoni mwa klipu, na hapo ni lehemu.

Thorens ilianza kuiuza TD 124 mwaka 1957, na kwa kawaida ilitoka bila mkono, mnunuzi alijichagulia. Ndiyo maana upande wa kulia una ubao unaofunguliwa skrubu na kubadilishwa bila kugusa kitu kingine. Ina miendo minne, 16, 33, 45 na 78, na kirekebishi kinachoongeza au kupunguza kama asilimia 3. Jambo la pembeni lakini linauma: mashine iliyotoka Marekani huwa na puli ya umeme wa 60 Hz. Kwa umeme wetu wa 50 Hz itazunguka polepole kwa karibu asilimia 17, na kirekebishi hakifiki huko. Badilisha puli kabla hujatoa hata senti moja ya mkono.

Sasa hesabu, maana bila hesabu hii utanunua sifa. Kila mkono una uzito tendaji, na huo si ule unaousoma ukiuweka mkono mzima kwenye mizani. Ni uzito ambao sindano inauhisi inapounyanyua na kuushusha. Gramu moja ya kichwani inahesabika yote. Gramu mia zilizo nyuma, karibu na mhimili ambao mkono unazungukia, hazihesabiki sana. Katriji nayo ina unyumbufu, yaani jinsi kijiti cha sindano kinavyokubali kupinda. Vitu viwili hivi vikikutana vinatengeneza springi na jiwe, na springi yenye jiwe ina mtetemo wake wa asili.

Jumlisha uzito tendaji wa mkono, uzito wa katriji na gramu 0.8 za skrubu. Zidisha kwa unyumbufu. Tafuta kipeuo cha pili, kisha 159 igawe kwa jibu. Unataka upate kati ya 8 na 12 Hz, yaani mitetemo kwa sekunde. Mfano: Ortofon 2M Red ina gramu 7.2 na unyumbufu wa 20. Kwenye Rega ya gramu 11 unapata 8.2 Hz, inafaa, ila kwa chupuchupu. Kwenye SME 3009 Series II Improved ya kichwa kisichovuliwa, gramu 6.5, unapata 9.3, safi kabisa. Kwenye mkono mzito wa gramu 25 unaanguka mpaka 6.2.

Kwa nini 6 ni tatizo? Kwa sababu sahani zetu zimepinda. Joto la chumba cha juu chini ya bati halina huruma. Sahani ya 78 inazunguka mara 1.3 kwa sekunde. Ikiwa na mawimbi manne pembeni, mkono unasukumwa mara 5.2 kwa sekunde. Mkono unaotetemeka wenyewe kwenye 6 unapokea msukumo huo kwa furaha: utaona kijiti cha sindano kinayumba, koni ya spika inaingia na kutoka bila sauti, na mwishowe sindano inaruka. Watu hulaumu sahani.

Upande wa pili wa hesabu uko Denon DL-103, katriji iliyobuniwa Japani kwa ajili ya redio ya taifa, NHK, na inayopendwa na wenye Thorens. Gramu 8.5, na karatasi yake inasema unyumbufu 5. Wengi hukosea hapa. Wajapani hupima kwenye 100 Hz, si kwenye 10 kama Wazungu, kwa hiyo zidisha kwa 1.5 hadi 2 kabla ya kutumia, chukua 9. Kwenye SME nyepesi unapata 13.3 Hz, na besi inakuwa kavu na juu kunachoma. Kwenye mkono wa gramu 18 unapata 10.1. Katriji ngumu inataka mkono mzito, laini inataka mwepesi. Anayekwambia mkono fulani ni mzuri bila kuuliza katriji yako, muage.

SME 3009 Series II. Huu ndio mkono tunaoupa nafasi ya kwanza kwa kabati la mchanganyiko, ukiupata wenye kichwa cha kuvua. Vichwa viwili: kimoja chenye 2M Red ya LP, kimoja chenye 2M 78 ya maikroni 65. Kwa kuwa 2M hizo zina uzito mmoja na zote zinakandamiza sahani kwa gramu 1.8, ukibadilisha kichwa huna haja ya kugusa uzani wa nyuma. Hilo peke yake ni thamani ya mkono. Uzuri wa pili ni kitako chake: kinateleza katika reli mbele na nyuma, hivyo tundu likikosewa milimita mbili unasogeza mkono mzima na kosa linafutika.

Kasoro zake zinajulikana. Mpira unaoshika uzani wa nyuma unalegea kwa umri, na mkia unainama kama mkia wa mbwa aliyepigwa. Mpira mpya unauzwa na kazi yenyewe ni ya nusu saa. Improved ina kasoro ya kimaumbile: kile kizani kidogo cha pembeni kipimo chake kinaishia gramu 1.5, kwa hiyo kwa 1.8 itabidi usogeze uzani mkubwa na usome kwa mizani. Sindano ya 78 inayotaka gramu 5, kama AT-VM95SP, usiilazimishe huko. Na kampuni iliacha kuuza mikono peke yake Desemba 2019, kwa hiyo unachonunua ni cha mkono wa pili.

Rega RB300, na mrithi wake RB330. Mrija umemiminwa kipande kimoja tangu 1983, beringi ni imara, hauna cha kulegea, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo ni jambo kubwa. Uzito wa sindano kwenye RB300 unawekwa kwa springi yenye namba 0 hadi 3. Kwa LP hatuna la kuulaumu ila urefu wa kusimama: haupandi wala haushuki bila kuwekewa pete za milimita 2 chini ya kitako, na kila ukibadilisha katriji ya kimo kingine unarudia. Kichwa hakivuliki. Rega za zamani pia zimeunganisha ethi ya mrija na waya wa kurudi wa chaneli ya kushoto. Ukiongeza waya mwingine wa ethi kutoka mkononi unajitengenezea mvumo mwenyewe, kisha unamtafuta mchawi.

Jelco SA-750D. Kampuni ilifunga 2020, lakini mikono yake ingali inazunguka sokoni. Kichwa kinavulika, unakubali katriji nzito, na ndio tungeufunga kwa DL-103 au kwa sindano ya 78 ya gramu 5. Mhimili una kikombe cha mafuta ya silikoni ya kutuliza mtetemo. Usafirishe mkono huu kikombe kikiwa kitupu, vinginevyo utaupokea umejipaka.

SME 3012 na wenzake wa inchi 12. Kosa la pembe kati ya sindano na mfereji linapungua kama robo ukilinganisha na wa inchi 9. Ni kweli, na linasikika mwisho wa sahani. Lakini mhimili unataka kukaa milimita 295.6 kutoka ekseli, kile kijiti cha katikati ya sinia, na ubao wa TD 124 haufiki huko. Utahitaji kasha jipya pana. Na kosa la milimita moja katika kupanga linakula faida yote.

Ubao sasa, na hapa Zanzibar tuna bahati kwa sababu mafundi wa milango hawajaisha. Msaji mkavu ndio tunaoupendekeza, unene uleule wa ubao wa asili. Mwambie fundi jambo moja ambalo hatalifikiria mwenyewe: nyuzi za mbao zielekee ekseli, zisipite ubavu. Mbao huvimba kwa upana, kwa urefu karibu haivimbi. Nyuzi zikikaa kinyume, umbali uliopima wakati wa kaskazi sio utakaoukuta kwenye masika. Vanishi ipakwe pande zote pamoja na ndani ya tundu, kabla ya kufunga.

Umbali wa ekseli hadi mhimili ni milimita 222 kwa Rega, 215.4 kwa SME ya inchi 9, 214 kwa Jelco. Pima kwa rula ya chuma kutoka katikati hadi katikati, toboa tundu dogo la mwongozo kwanza, pima tena, ndipo upanue. Kwa Rega usikosee zaidi ya nusu milimita, maana hauna reli ya kukuokoa. Kupanga sindano tunatumia kanuni ya Baerwald, ambayo sindano inakaa sawa na mfereji kwenye milimita 66.0 na 120.9 kutoka ekseli. Umbali wako uzidishe kwa wenyewe, ongeza 7,979, tafuta kipeuo: hiyo ni mhimili hadi sindano. Rega inatoa 239.3, yaani sindano ipite ekseli kwa 17.3. SME inatoa 233.2, ipite kwa 17.8. Karatasi ya Jelco inasema 15. Ukitaka Baerwald usogeze katriji karibu milimita 3 mbele, na si kila kichwa kina mwanya huo.

Kuna mtego wa TD 124 wenyewe. Sinia la chini la toleo la kwanza ni chuma cha kalibu, kama kilo 4.5, na chuma kinavutwa na sumaku. Katriji zenye sumaku kali, DL-103 na Ortofon SPU zikiwemo, zinashikwa na kuvutwa chini, na uzito wa sindano unaongezeka bila wewe kugusa kitu. Toleo la II lilikuja na sinia lisilovutwa. Mizani ya sonara itakuonyesha: pima mkono ukiwa nje ya sinia, kisha juu yake, kimo kilekile cha sahani. Hakikisha kwanza sahani ya mizani yenyewe si ya chuma. Tofauti ikiwepo, weka mkeka wa mpira wa milimita 4 au 5, uinue mkono kwa kiasi hichohicho, upime tena na upunguze kilichozidi.

Nyumba za Mji Mkongwe zina la kwao. Sakafu ya chokaa juu ya boriti inanesa mtu akipita, na mneso huo uko chini, jirani kabisa na mtetemo wa mkono mzito. Rafu iliyofungwa kwenye ukuta wa mawe, si meza. Pangaboi nalo lizime au uhamie kona: kile kiuzi chenye kijiwe cha SME kinachozuia mkono kuvutwa ndani hupepea, na mkono mwepesi unapepea nacho.

Ukinunua SME kwa picha, omba tatu. Ya ubavu, uone kama mkia umeinama. Ya karibu ya mhimili, maana makali ya chuma ya matoleo ya awali hushika kutu na ya nailoni hupasuka. Na ya vitu vyote vimetandikwa mezani: reli, kizani cha pembeni, kijiwe na kiuzi chake, boliti za kitako. Kijiwe hicho kikikosekana, punguza bei, usikubali kuambiwa hakina kazi.