JBoss EAP ya kulipia au WildFly ya bure: hela ya sapoti inanunua nini hasa

Wakuu, hili swali naona linarudi kila siku. Mtu kaambiwa na bosi wake alete bajeti ya seva za Java, yaani programu zinazoendesha mifumo iliyoandikwa kwa lugha ya Java, alafu hajui aandike JBoss EAP ya Red Hat yenye sapoti ya kulipia au abaki na WildFly ambayo hailipiwi kitu. Mi nimeziendesha zote mbili, WildFly kwenye seva za majaribio na EAP kwenye mfumo wa mikopo wa chama cha akiba na mikopo ninakofanya kazi, mfumo ambao ukisimama mwisho wa mwezi wanachama wanajaa dirishani wanasubiri hela zao wenyewe. Msimamo wangu nauweka mapema: sapoti ya EAP ni nzuri na ukiitumia vizuri hela yake unaiona, ila haikuletei konfigi, yaani mipangilio ya seva. Konfigi utaifanya wewe, na ukiiacha kama ilivyotoka kwenye zipu hata ulipie daraja la juu kabisa utaumia tu.

Kwanza hizi mbili ni ndugu wa damu. Red Hat waliinunua JBoss 2006, na ile seva iliyokuwa inaitwa JBoss AS ikapewa jina la WildFly kuanzia toleo la 8 lililotoka 2014. Vitu vipya vinaanzia WildFly, vikishatulia ndio vinaingia EAP, kwa hiyo ukijua kukonfigi moja umejua zote, mafaili yaleyale na komandi zilezile. Kinachotofautiana ni umri. WildFly inatoa toleo jipya kila baada ya miezi kama mitatu na la nyuma likishapitwa ndio basi, likigundulika tundu la usalama unaambiwa panda toleo jipya. EAP inakaa miaka, 7.4 ilitoka 2021 na 8.0 ikaja Februari 2024, na katikati hapo unaletewa pachi, yaani viraka vya kurekebisha makosa na matundu ya usalama, bila seva kubadilika tabia. Kwa mfumo wa hela ambao developa wake yuko kampuni nyingine na kila badiliko linataka kikao na karatasi za kusaini, hicho peke yake kinatosha kulipia.

Sasa tuje kwenye konfigi maana hapa ndipo pana maumivu mengi. Ukiiwasha bila kuiambia kitu inachukua standalone.xml, ambayo haina huduma ya kutuma meseji kati ya programu, JMS, hiyo iko standalone-full.xml, na kama unataka klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, yenye hayo yote ni standalone-full-ha.xml. Nimeona watu wanahangaika siku nzima programu inakataa kuwaka kumbe wamewasha na faili lisilo sahihi. Memori nayo, WildFly inakuja na kikomo cha megabaiti 512 kwenye standalone.conf, seva ina ramu 32 lakini Java inapumua kwenye hiyo nusu giga, alafu mtu anasema Java ni nzito. Poti 9990 ya usimamizi imefungwa kwenye 127.0.0.1, yaani inafikika ndani ya mashine hiyohiyo tu, kwa makusudi, tafadhali iache hapohapo, ukitaka kuifikia kutoka kwenye kompyuta yako pita kwa SSH, ile njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, usiifungue kwa dunia nzima eti kwa sababu mwongozo fulani ulisema uweke 0.0.0.0 ili ifanye kazi.

Alafu jambo la kuhariri XML kwa mkono wakati seva inawaka, jamani tuliache. Seva ikipokea badiliko lolote kupitia konsoli (ukurasa wa usimamizi) au jboss-cli.sh (komandi ya kuisimamia) inaliandika faili upya kutoka kichwani mwake, na ulichoandika wewe kwa mkono kinapotea bila hata onyo. Tumia jboss-cli, komandi zako ziweke kwenye faili la maandishi, faili liweke git, kifaa cha kutunza kila toleo la mafaili, siku ukisimamisha seva mpya unaliendesha tu na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kuna na folda ya standalone_xml_history ambamo seva inatunza nakala za konfigi za nyuma, wengi hawajui kama ipo na imeokoa watu. Paswedi za databesi pia zisikae wazi kwenye XML, ziweke kwenye credential store (ghala la siri lililofungwa) ya Elytron, sehemu ya seva inayoshughulikia usalama, ile vault ya zamani iliyofanya kazi hiyo usijifunze saivi, EAP 8 haina tena.

Lakini kinachoua mifumo mingi ni pool ya konekisheni za databesi, yaani fungu la miunganisho ambalo seva inaliweka tayari ili programu ziazime na kurudisha. Usipoandika chochote kikomo chake ni 20. Watumiaji wakizidi, ombi linasubiri sekunde 30 alafu linakufa na kwenye logi unakuta IJ000655, hakuna konekisheni iliyobaki ndani ya muda uliopangwa. Mtu wa kwanza kuiona anaongeza 20 iwe 60 na anaenda nyumbani. Hesabu ya upande wa pili haifanyi: PostgreSQL isipoguswa inapokea konekisheni 100 kwa jumla, una seva mbili kila moja 60, tayari ni 120, na siku ya msongamano databesi inaanza kuzikataa. Washa statistics-enabled kwanza, angalia InUseCount (zinazotumika sasa) na MaxUsedCount (kilele kilichofikiwa) kwa wiki nzima ya kazi, hapo ndipo utajua kama pool ni ndogo kweli au kuna mahali konekisheni zinachukuliwa na hazirudishwi. Na kama kati ya seva na databesi kuna fayawoli, washa background-validation, inayokagua konekisheni mara kwa mara kama bado ziko hai, maana fayawoli nyingi zinakata konekisheni iliyokaa kimya bila kuiambia seva, asubuhi mtumiaji wa kwanza ndio anakutana na maiti.

Hapo ndipo nilipoiona thamani ya sapoti. Mfumo wetu ulikuwa unaganda kila mwisho wa mwezi, waliotutengenezea programu wanasema tatizo ni seva, ongezeni memori, ongezeni seva, na sisi hatuna la kuwajibu. Tukafungua tiketi Red Hat. Wakataka ripoti ya jdr.sh, ambayo inakusanya konfigi na logi zote kwenye zipu moja, na thredi dampu kadhaa, yaani picha za kila kazi inayoendelea ndani ya Java kwa wakati huo, zilizopigwa kwa kupishana sekunde chache wakati mfumo umeganda, yaani unaichukua kwa jstack kabla hujarestati, ukisharestati ushahidi umeondoka nao. Jibu likaja limeandikwa vizuri: thredi zote zimekaa zinasubiri konekisheni, seva haina kosa, washeni debug kwenye cached-connection-manager, sehemu ya seva inayofuatilia konekisheni zilizoazimwa. Tukawasha, logi ikaanza kuandika IJ000100, kwamba seva inafunga konekisheni kwa niaba ya programu, na chini yake jina la klasi, yaani kipande cha kodi, iliyoifungua. Ilikuwa ripoti ya mikopo iliyochelewa, ikipata kosa katikati inatoka bila kufunga. Tukawapelekea wenye programu, na ubishi ukaisha siku hiyohiyo maana jina la klasi ni la kwao. Sisi wenyewe tungeweza kufika hapo? Labda, ila wao wasingetuamini. Karatasi ya mtengenezaji wa seva kwenye kikao ina uzito ambao fundi wa ndani hana, na hilo ndilo ninaloliona kama kitu cha kwanza unacholipia.

Madaraja ni mawili ya kawaida, Standard na Premium. Tiketi ya uzito wa kwanza, yaani mfumo wa kazi umesimama, Premium unajibiwa ndani ya saa moja usiku na mchana, Standard ni saa moja lakini ya muda wa kazi. Kwa hospitali au mfumo wa malipo unaotembea usiku chukua Premium, kwa mfumo wa ofisi unaozimwa jioni Standard inatosha kabisa. Na wakati wa kujibiwa ni wakati wa kuanza kushughulikiwa, usimwahidi bosi kwamba ndani ya saa moja mfumo utakuwa umewaka. Hawatakuandikia kodi, hawatakupangia mfumo wako uweje, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Malipo yanahesabiwa kwa kori za prosesa, kuna mafungu ya 16 na ya 64, kwa hiyo hesabu kori za mashine zako kabla hujaomba bei. Kwa developa kuijaribu ni bure kupitia akaunti ya Red Hat Developer. Ukinunua kupitia wakala wa hapa nyumbani, hakikisha usajili unaingia kwenye akaunti ya taasisi yako. Wakala wetu wa kwanza aliuweka kwenye akaunti yake, kila tiketi ikawa inapitia kwake, na akienda likizo sapoti nayo imeenda likizo.

Kama programu yako ni DHIS2 au OpenMRS, mifumo ya taarifa za afya, hizo zinakaa kwenye Tomcat, seva nyepesi ya Java ya bure, usimruhusu mtu akuuzie EAP kwa ajili yake. Benki yenye mfumo unaotaka WebLogic, seva ya Java ya Oracle, haina cha kuchagua. Payara ilizaliwa baada ya Oracle kutangaza 2013 kwamba wanaacha sapoti ya kibiashara ya GlassFish, seva yao nyingine ya Java, na wenye programu za GlassFish ndio inawafaa kuliko kuhamia JBoss.

Kabla ya kutoka 7.4 kwenda 8, waulize wenye programu kwa maandishi kama kodi yao imeshahama kutoka majina ya javax kwenda jakarta, yaani majina ya vifurushi vya Java ambavyo kodi inaviita. Oracle walibaki na haki ya jina la javax, kwa hiyo Jakarta EE 9 ya 2020, toleo la kanuni ambazo seva hizi zinazifuata, ikabadilisha majina yake yote, na programu ya zamani haiwaki kwenye EAP 8 hata ukiikonfigi vipi. Kuna vifaa vya kubadilisha faili lililokwisha kujengwa, vinafanya kazi kwa programu ndogo, ila kwa mfumo wenye laibrari za watu kumi kaa 7.4 mpaka wakupe toleo lililojaribiwa, ila jua kwamba matengenezo ya kawaida ya EAP 7 yaliisha Juni 2025, pachi za baada ya hapo zinataka nyongeza ya kulipia.

Na siku ukifungua tiketi ya uzito wa kwanza, panga kabisa nani wa upande wako atakaa macho usiku huo, maana wanategemea kuna mtu wa kujibu maswali yao saa zote, asipokuwepo tiketi inashushwa uzito.