Krimu ya kutuliza ngozi, macho yakavimba

Niseme ukweli kabla hasira haijanipanda tena: hii krimu nilikuwa naipenda. Inapakika vizuri, haiachi uso unang'aa mafuta, na ile harufu ya lavenda ilinifanya niwe nanusa viganja vyangu kama mwendawazimu. Wiki mbili tatu hivi, mambo shwari. Asubuhi moja naamka, kope zimejaa, jicho moja linafunguka nusu, shingoni vipele vya majimaji vinawasha mpaka natamani kujikuna kwa kitana.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, picha nikaweka. Jibu lao: "Mpendwa, bidhaa yetu ni mimea asilia, haiwezi kudhuru. Ngozi yako inatoa sumu, endelea kupaka." Na emoji ya ua mwishoni!

Upupu nao si mmea asilia? Mbona hamjautia kwenye kopo mkatuuzia?

Halafu kopo lenyewe limeandikwa eti haliletei mtu mzio. Neno hilo hata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijaliwekea kanuni. Kampuni inajiandikia inavyopenda.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenisikiliza. Alinibandika mgongoni vibandiko vyenye viambato vya krimu, vikakaa siku mbili bila kuloa, akavisoma, akaniita tena baadaye kuangalia. Palipokuwa na kamomili, lile ua la kutuliza ngozi, pamevimba, pekundu. Kumbe kamomili ni ukoo mmoja na alizeti, na mzio wa namna hii hauna haraka: ngozi inaweza kuvumilia kitu kwa majuma, siku moja ikakikataa. Na lavenda yangu niliyoisifu? Ina linaloli, kemikali ya harufu yake, ambayo ikishapigwa na hewa huzaa vitu vinavyochokoza ngozi zaidi. Mimi kopo nilikuwa naliacha wazi bafuni. Hapo nimekosea, nakubali.

Siku hizi kitu kipya nakijaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, wiki nzima.

Sasa, ni krimu mbaya? Rafiki yangu anaipaka hadi leo na ngozi yake laini kama ya mtoto. Nilishaandika nyota tatu. Nikaenda kuusoma tena ule ujumbe wa huduma kwa wateja, nikakumbuka kwamba nilimtii yule mtu. Siku nne nzima nilijipaka, tena kwa wingi, juu ya kope zilizovimba.

Nyota moja. Nayo ni ya kopo, naweka vifungo vya nguo.