Wayaringi ya laini 12 kwenye Chevrolet 3100 ya 1953: uzoefu wangu

Seti ya wayaringi niliyochagua ni ya jumla, haikutengenezwa kwa gari moja maalumu. Ina laini 12, yaani njia 12 za umeme, boksi la fyuzi bapa, na nyaya zenye ganda la poliethilini linalostahimili nyuzi joto 125. Nimeifunga kwenye pikapu iliyotoka kiwandani na volti 6, ambayo sasa inatumia volti 12 na alteneta. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Kwa gari linalobaki na volti 6 nisingeinunua kabisa.

Sababu ni ampea. Taa ya wati 45 hula ampea 7.5 kwenye volti 6, lakini kwenye volti 12 hula 3.75 tu. Unene wa nyaya za seti hizi umepangiwa volti 12, kwa hiyo ukizitumia kwenye volti 6 taa zinafifia na waya unapata joto. Volti ikishuka asilimia 10, mwanga wa balbu hupungua kwa takriban asilimia 30. Kebo ya stata nayo, kwenye volti 6, inataka unene wa milimita za mraba 50 hivi. Ukifunga nyembamba utafungua stata nzima isiyo na kosa. Anayetaka gari la asili achukue wayaringi ya nakala, ile iliyofumwa kwa uzi wa pamba. Inakuja imeshakatwa kwa urefu wake na vichwa vimebanwa. Ila ukitaka kuongeza feni au redio, haina pa kuchomeka.

Idadi ya laini isikubabaishe. Ukinunua laini 21 kwa pikapu isiyo na vioo vya umeme, nyingi zitabaki zimeviringishwa nyuma ya dashibodi. Angalia ganda kwanza, maana PVC ya kawaida hulainika karibu na ekzosi. Halafu uliza kama mtengenezaji amefikiria swichi ya indiketa.

Huyu hakuifikiria. Taa za nyuma za pikapu hii zina balbu ya nyuzi mbili: mmoja wa taa ndogo, mwingine wa breki na indiketa kwa pamoja. Seti inaleta waya wa breki unaokwenda moja kwa moja nyuma. Ukiuunganisha na nyaya za indiketa, umeme wa kushoto unarudi kupitia waya wa breki hadi kulia, na taa zote mbili zinapepesa. Waya kutoka swichi ya breki unatakiwa kuingia kwanza kwenye swichi ya indiketa, kisha zitoke nyaya mbili tu kwenda nyuma, ya kushoto na ya kulia. Ule wa moja kwa moja ufunge mwisho wake kwa ganda linalosinyaa kwa joto na uuache. Maelekezo hayasemi neno kuhusu hili, na nyota iliyopungua imepotelea hapo.

Kwenye kuchaji, mita ya ampea ya zamani haikuumbwa kupitisha ampea 60 za alteneta. Nimeweka mita ya volti, na waya mkuu wa geji 8 ukaenda moja kwa moja kwenye betri, ukilindwa na waya wa fyuzi (kipande kinachoyeyuka umeme ukizidi) wa geji 12, yaani namba nne zaidi, maana namba ya geji ikipanda waya ni mwembamba zaidi. Waya wa kuamsha alteneta upitishe kwenye taa ya onyo au dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Usipofanya hivyo unaweza kuzima ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Koili ya mfumo wa platini (vigusano vinavyokata na kuunga umeme wa koili) inayohitaji rezista, yaani kipunguza umeme, iwekewe, kwa sababu seti inaleta volti 12 kamili na platini zitaungua. Geji ya mafuta ya volti 6 nayo inataka kipunguza volti.

Vichwa vya waya vilivyokuja kwenye mfuko sikuvitumia, ni bati jepesi. Nunua vya shaba na plaiyasi ya kubania isiyoachia mpaka ibane kikamilifu. Kila kichwa kivute kwa mkono. Kwenye boksi la fyuzi, waya mmoja uliobanwa kiwandani ulichomoka kwa kuvutwa kidogo tu. Kulehemu kwa risasi sikushauri: waya hukakamaa pale risasi ilipoishia na mtikisiko huukata hapo hapo.

Gari lililopakwa rangi upya husumbua kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, kuliko mahali pengine popote. Kwangua rangi hadi chuma kwenye kila boliti ya ethi, na funga mikanda ya ethi, injini kwa chesi na chesi kwa kebini. Seti haileti hata mmoja. Washa taa, weka mita ya volti kati ya ganda la taa na hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi hiyo bado.

Rilei mbili za taa kubwa (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) pia utanunua mwenyewe. Usikate waya wowote kabla zote hazijalazwa mahali pake, na acha sentimita 15 za ziada nyuma ya dashibodi. Siku ya kuunga betri, toa fyuzi zote, kisha unga balbu ya wati 21 kati ya hasi ya betri na kebo yake. Ikiwaka sana kuna shoti. Isipowaka, rudisha fyuzi moja moja, swichi zote zikiwa zimezimwa na mlango umefungwa, maana taa ya ndani pekee inatosha kuiwasha balbu hiyo na kukutafutisha kosa lisilokuwepo.