Luas ya Dublin baada ya kurefushwa: uzoefu wangu wa abiria

Naipa Luas, mfumo wa tramu (treni za mtaani) za Dublin, Ireland, nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki naibana kwa sababu ya njia panda za katikati ya mji, wala si kwa sababu ya tramu zenyewe. Kilomita mpya ndizo hukatiwa utepe na kupigwa picha, lakini mimi kama abiria, kilichoniboreshea safari zaidi ni tramu kuongezwa urefu.

Kwa asiyeijua: laini mbili zilifunguliwa mwaka 2004. Ya Kijani ilianza tarehe 30 Juni kati ya St Stephen's Green na Sandyford, na Nyekundu ikafuata Septemba kati ya Tallaght na stesheni ya Connolly. Hazikukutana popote. Desemba 2009 Nyekundu ilisogezwa hadi The Point, upande wa bandarini. Oktoba 2010 Kijani ikashuka kusini hadi Brides Glen. Julai 2011 likachipuka tawi la Saggart. Kisha tarehe 9 Desemba 2017 ikafunguliwa nyongeza ya Kijani iitwayo Cross City, takriban kilomita 6 na vituo 13 kwa euro milioni 368, ikaitoa Kijani St Stephen's Green, ikaipitisha katikati ya mji na kuifikisha Broombridge, kaskazini.

Kabla ya hapo, mtu wa kutoka Dundrum kwenda Tallaght alishuka St Stephen's Green, akatembea kama kilomita moja hadi Abbey Street, mvua au jua, ndipo apande Nyekundu. Sasa anashuka na kuvuka mtaa. Lakini hapa kuna mtego ambao wageni wengi hunaswa. Katikati ya mji Kijani haiendi na kurudi kwenye mtaa uleule. Ikielekea kaskazini inapita Westmoreland, O'Connell-GPO na O'Connell Upper. Ikirudi kusini inashuka Marlborough, inavuka mto Liffey kwa daraja la Rosie Hackett na kusimama Trinity. Kwa hiyo ukitoka kusini, shuka O'Connell-GPO ili uunganishe na Nyekundu. Ukitoka Broombridge, shuka Marlborough. Kituo cha Abbey Street cha Nyekundu kiko katikati ya hivyo viwili, ni mwendo wa dakika mbili tatu. Ukishuka O'Connell-GPO asubuhi, usisimame hapohapo jioni kungoja tramu ya kurudi Sandyford. Haipiti hapo. Nenda Marlborough.

Huo mzunguko una faida yake pia. Tramu ikifika Parnell inaweza kugeukia kusini kwa kufuata reli, bila dereva kuhama kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, na bila kuziba reli ya wenzake wakati akihama. Ndiyo maana tramu nyingi za Kijani huishia Parnell. Anayekwenda Phibsborough, Cabra au Broombridge asome maandishi ya mbele ya tramu kabla ya kupanda. Vivyo hivyo kwa Nyekundu: upande wa magharibi inagawanyika Belgard, nyingine zinakwenda Tallaght na nyingine Saggart, upande wa mashariki inagawanyika baada ya Busáras, nyingine zinaingia Connolly na nyingine The Point. Laini ikigawanyika, kila tawi hubaki na sehemu tu ya tramu zilizokuwa zikipita kwenye shina. Tuseme kwenye shina zinapita kila dakika 4, na zinagawanywa nusu kwa nusu: kwenye tawi utasubiri dakika 8. Ni ukweli wa hesabu ambao ramani zenye rangi nzuri hazikuonyeshi.

Sasa nirudi kwenye urefu. Nyekundu ilianza na tramu za mita 30, aina ya Citadis 301 za Alstom. Badala ya kununua nyingine na kuziongeza barabarani, zilikatwa na kuongezewa vipande vya katikati zikawa mita 40. Kijani baadaye ilipata za mita 43, na Cross City ilipokuja zikaagizwa za mita 55. Baadaye hata zile za mita 43 zikarefushwa hadi 55. Tramu moja ya mita 55 ina vipande tisa na hubeba takriban watu 400.

Kwa nini nasema hili ni bora kuliko kuongeza idadi ya tramu? Piga hesabu. Kutoka mita 43 hadi 55 ni nyongeza ya karibu asilimia 28. Ukitaka nyongeza hiyohiyo kwa kuongeza safari, na tayari tramu zinapita kila dakika 3, utalazimika kuzipitisha kila dakika 2 na sekunde 20. Kwenye reli ya peke yake inawezekana. Mtaani kuna taa za barabarani, na mzunguko mmoja wa taa kwenye njia panda kubwa huchukua sekunde 90 hadi 120. Muda kati ya tramu na tramu ukikaribia mzunguko wa taa, tramu inayokosa zamu yake inafikiwa na ya nyuma, zinafuatana mbili mbili kama bata, halafu linabaki pengo refu. Ya kwanza inajaa hadi mlangoni, ya pili inapita nusu tupu. Kwenye karatasi huduma imeongezeka. Kwenye jukwaa hakuna aliyeiona.

Kurefusha nako si kuunga behewa tu. Majukwaa lazima yaongezwe, na jukwaa likiongezwa ule mteremko wa mwisho wa kuvukia watu unahama, nguzo na nyaya zilizofukiwa zinahama, na vitambuzi vya reli vinavyoiambia taa kwamba tramu imefika navyo vinahama. Karakana inataka mashimo ya ukaguzi na jeki za kunyanyulia tramu kwa urefu mpya. Halafu umeme: Luas hutumia volti 750 za mkondo mnyoofu (DC) kutoka waya wa juu. Volti ndogo maana yake mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa hupoteza volti haraka kadiri tramu inavyokuwa mbali na kituo cha umeme, ndiyo maana kwenye mifumo ya namna hii vituo hivyo hupangwa kila kilomita moja na nusu au mbili hivi. Tramu mbili ndefu zikianza kuondoka kwa pamoja kati ya vituo viwili vya umeme, volti hushuka na kompyuta ya tramu hujipunguzia nguvu. Abiria huona tu kwamba leo inajikongoja. Anayepanga kurefusha tramu bila kukagua vituo vya umeme hununua uzito asioweza kuuvuta.

Lawama kubwa iliyozipata tramu ndefu ilikuwa ya College Green. Mwanzoni mwa 2018, wiki chache baada ya Cross City kufunguliwa, eneo hilo liliziba: tramu, mabasi na teksi zote zinapita mlango mmoja mbele ya Trinity College, na tramu ya mita 55 ikisimama vibaya inafunga njia ya kila mtu. Baadhi ya njia za mabasi zikaondolewa hapo. Watu walisema tramu ni ndefu mno kwa mji huu. Sikubaliani. Kuvuka njia panda ya mita 20 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, tramu ya mita 43 inachukua sekunde 15. Ya mita 55, sekunde 18. Sekunde tatu haziui mji. Kinachoua ni tramu kuingia wakati mbele hakuna nafasi ya kutokea. Kama kati ya taa na taa kuna chini ya mita 55, mkia unabaki njia panda, na mabasi yenye taa ya kijani yanatazama bati. Dawa yake inajulikana: alama ya tramu (ule mstari mweupe, ukilala maana yake simama, ukisimama maana yake pita) isisimame mpaka nafasi yote ya mbele iwe wazi, na taa mbili zinazofuatana ziunganishwe zifanye kazi kama taa moja. Halafu punguza magari. Hapo ndipo nyota yangu ya tano ilipokwama: kilomita mpya zimelipiwa mamilioni, ila njia panda zinazoamua mwendo wa laini nzima bado zinagawa dakika zake kwa kila anayepita.

Tofauti utaihisi mwenyewe ukipanda Kijani mwanzo hadi mwisho. Kusini inakimbia, kwa sababu kutoka Charlemont hadi Sandyford inafuata tuta la reli ya zamani ya Harcourt Street iliyofungwa mwishoni mwa 1958. Pale Milltown unapita juu ya daraja la matao tisa, Dundrum juu ya daraja la nyaya la William Dargan, na karibu hakuna gari la kuizuia njiani. Kaskazini kuanzia Broadstone ni hivyohivyo, ndani ya mtaro wa reli iliyopoteza abiria wake mwaka 1937. Katikati ndipo inapotambaa. Anayetaka kujua pesa za maboresho ziende wapi, asome saa yake kati ya vituo vya Dawson na Dominick.

Kwenye kona ya kutoka St Stephen's Green kuingia Dawson Street utasikia chuma kikilia. Magurudumu mawili ya ekseli moja huzunguka sawa, lakini reli ya nje ya kona ni ndefu kuliko ya ndani, kwa hiyo gurudumu moja linateleza badala ya kubingirika. Kadiri kona inavyobana, ndivyo kelele na uchakavu vinavyozidi. Vilainishi na kusaga reli hupunguza. Kuondoa kabisa haiwezekani, maana nyumba zilikuwapo kabla ya reli.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto, tramu za Kijani ndizo bora: sakafu iko chini kutoka mwisho hadi mwisho. Za Nyekundu ni kizazi cha zamani, sehemu za mwisho karibu na dereva zina ngazi ndani, hivyo ingia milango ya katikati. Baiskeli haziruhusiwi isipokuwa zile za kukunja. Kadi ya nauli, iitwayo Leap, inaguswa kwenye nguzo ya jukwaani kabla ya kupanda, na inaguswa tena ukishuka. Ndani ya tramu hakuna mashine, na mkaguzi hasikilizi kwamba ulikuwa na haraka. Ukishuka bila kugusa, unaweza kukatwa nauli ya juu.

Udhaifu mwingine ni kwamba mfumo huu hauna njia mbadala. Agosti 2025 moto uliharibu daraja la George's Dock, na sehemu ya kwenda The Point ikakatika kwa muda mrefu, tramu zikiishia Connolly. Bahati ni kwamba lile tawi fupi la Connolly, ambalo baada ya 2009 wengi waliliona kama mabaki ya ramani ya zamani, ndilo lililoziokoa tramu kwa kuzipa pa kugeukia. Kila upanuzi mpya ungepaswa kuja na reli ya kuvukia kutoka upande mmoja kwenda mwingine kila baada ya vituo vichache. Ni vipande vya chuma visivyopendeza kwenye hotuba, lakini tramu moja ikiharibika bila hivyo, laini nzima inasimama.

Sasa kuna mpango wa Finglas: kilomita 4 na vituo vinne kutoka Broombridge hadi Charlestown. Nauunga mkono, kwa sharti la idadi ya tramu. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 4 ni dakika 12, kwenda na kurudi 24. Ukitaka tramu kila dakika 6 hadi huko, unahitaji tramu nne zaidi barabarani, na walau moja ya akiba karakana ili nyingine ikiwa kwenye matengenezo ratiba isivunjike. Tramu hizo zisipoongezwa, zitachukuliwa kutoka kwenye zilizopo, muda wa kusubiri utarefuka kwa wote, na watakaoumia kwanza ni watu wa Cabra na Phibsborough: tramu itawafikia imeshajaa Finglas. Kabla ya kushangilia vituo vipya, ulizia kwanza ni tramu ngapi zimeagizwa.